Mieleka Nyuma ya Mashine ya Mpunga

Mimi napepeta mchele. Ukija Kashaulili, hapa Mpanda, msimu wa mavuno, ukafuata vumbi na kelele za mashine za kukoboa, utanikuta nimekaa na ungo wangu, kitambaa puani, natenganisha chenga na mchele mzima. Kazi yenyewe haina maneno mengi. Maneno ninayo mimi. Wenzangu pale wanasema nikinyamaza wanadhani umeme umekatika, na mimi huwajibu kwamba umeme wao unakatika kila siku, mimi bado sijakatika hata mara moja.

Nyuma ya mashine kuna lundo la pumba. Msimu ukikolea lundo linapanda mpaka usawa wa bati, wachoma matofali wanakuja na mikokoteni wanalipunguza, halafu linapanda tena. Watoto wa mtaa mzima wamekulia pale. Wanapanda, wanateleza, wanarudi nyumbani wanajikuna usiku kucha, na kesho yake mama zao wanakuja kutulaumu sisi wapepetaji. Kana kwamba sisi ndio tuliowaita!

Siku moja msimu uliopita nikasikia kelele ambazo si za kuteleza. Nikaweka ungo chini, nikazunguka nyuma. Watoto wamesimama duara, wawili wameshikana katikati, na wa tatu, kamtoto ambako meno ya mbele yameng'oka, kamepanda juu ya magunia kanataka kujirusha kamwangukie mwenzake kwa kiwiko. Mama yangu! Nilipiga ukelele mpaka mwendesha mashine akazima. Nilimdaka hewani, miguu ilikuwa imeshaacha gunia.

"Nyie! Mnataka kuuana?"

"Tunacheza mieleka, bibi."

"Mieleka gani hiyo?"

"Ya kwenye video."

Kumbe wameiona kwenye kibanda cha video: mibaba mizima imevaa vichupi vinavyong'aa, inapigana kwa viti. Wakaniuliza kama nina kiti cha plastiki niwaazime. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu hasira zikanipanda, maana mieleka mimi naijua, na ile si mieleka, ni vurugu za kulipiwa.

Nimezaliwa kule Mpimbwe, kwenye mashamba ya mpunga, msichana peke yangu katikati ya kaka zangu. Tukishapura, majani ya mpunga yanalundikwa pembeni, na juu ya majani yale tulishikana mpaka mama anakuja kututawanya na mwiko. Hakuna hata mmoja aliyeniambia wewe msichana, kaa pembeni. Waliniambia tu kwamba miguu yangu imekaa vibaya. Basi nikajifunza kuikalisha, na kaka zangu wakajuta.

Kwa hiyo siku ile nikafunga kitenge vizuri, nikawaambia haya, wote mstari mmoja. Tukatandaza turubai kuukuu juu ya pumba, maana pumba zikiingia kwenye nguo zinawasha, hutafikiria mieleka, utafikiria kuoga tu. Jambo la kwanza nililowafundisha ni kuanguka. Kidevu kifuani, mkono usiutangulize, jikunje, bingirika. Walidhani nawatania. Wametoka makwao kuja kuangushana, bibi anawafundisha kuanguka! Lakini ndani ya muda mfupi wakawa wanaanguka huku na huku, hovyo hovyo, kwa raha zao, wapita njia wanasimama kuuliza kama kuna mtoto ana kifafa.

Sheria zangu zilikuwa fupi. Kabali marufuku, kiwiko marufuku, kuvuta nguo marufuku. Mgongo wako ukigusa turubai wote, mabega yote mawili, umeshindwa, inuka umpe mwenzako mkono. Na atakayelia kwa sababu kashindwa atakuja kupepeta na mimi mpaka jioni.

Nilipoanza kuwapanga wawili wawili nikagonga mwamba. Nilimwita mtoto mmoja mnene, mwenye nguvu, nikamwekea mpinzani. Akarudi nyuma.

"Huyu siwezi kumshika, bibi. Ni baba mdogo."

Nikamtazama huyo baba mdogo. Anamfikia begani. Kamasi zinamtoka. Lakini ni kweli, ni kitinda mimba wa babu yake yule mnene, na utambwagaje baba yako mdogo mbele za watu? Mwingine akasema mwenzake ni mjomba. Wa tatu alimpigia magoti mpinzani wake akamwamkia kwanza, na mpinzani akaitikia marahaba kwa sauti nzito kabisa. Jamani! Ikabidi nikae nao niulize ukoo wa kila mmoja, nikawapanga kwa utani. Mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba, hao hata usipowapanga watashikana wenyewe. Babu na mjukuu pia ni watani, na pale tulikuwa na babu wa darasa la pili. Tangu hapo mambo yakaenda, na kicheko kilikuwa kingi kuliko mieleka yenyewe.

Katika watoto hao alikuwemo mjukuu wangu wa kike, mtoto wa binti yangu. Yuko darasa la nne, mwembamba, mwenye aibu, anaongea kwa kunong'ona kama mtu aliye kanisani. Wiki za mwanzo alikuwa akishikwa tu anaanguka mwenyewe ili yaishe. Halafu siku moja, sijui nini kilimwingia, akapenyeza mguu nyuma ya mguu wa mwenzake, akapiga mtama, mwenzake huyo, chali! Mjukuu wangu akasimama anajitazama mikono. Kisha akapiga kelele. Mtoto ambaye hata chumvi mezani anaomba kwa kunong'ona, alipiga kelele mpaka mashineni wakasikia! Nilimbeba juu juu, mgongo wangu huu wa kupepetea ukalia kwaa, sikujali. Kuanzia siku ile alikuwa anakuja mbio kutoka shule, na njiani anawasimulia watu ambao hata hawajamuuliza.

Sasa lazima niseme habari za baba yake, mkwe wangu. Ni fundi wa kuchomelea, kijana mchapakazi, Msukuma wa watu, na ananiheshimu mpaka inachosha. Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawazoeani. Hatushikani mikono, hatuli meza moja, hatutazamani machoni. Tukikutana njia ya sokoni, yeye anakata kona hata kama hiyo kona inamrudisha alikotoka. Akija kwangu anasimama nje ya uzio, anakohoa, halafu anamwambia mtoto, "Mwambie bibi shikamoo." Mimi nimekaa pale pale, nasikia. Namwambia mtoto, "Mwambie baba marahaba." Na mtoto anapeleka salamu hatua chache, anarudisha majibu, uso mkavu kabisa. Tumeishi hivyo tangu amuoe binti yangu na sijawahi kumwambia neno lolote moja kwa moja.

Basi likaja lori la mpunga kutoka Kasekese. Wakulima walilala pale pale mashineni kusubiri zamu yao ya kukoboa, na kati yao kulikuwa na mama mmoja mwenye sauti kunizidi mimi, jambo ambalo si la kawaida. Alikuwa na binti yake, rika la mjukuu wangu, mtoto kakomaa kwa kazi za shamba, vigimbi vimejaa. Yule mama alisimama akatazama watoto wetu jioni nzima huku anatafuna muwa. Mwisho akatema kapi.

"Huyo mwembamba wako, huyu wangu anamweka chini kabla sijameza."

"Thubutu!" nikasema.

"Weka siku."

"Jumapili, baada ya misa. Mashine haifanyi kazi."

"Na Jumatatu tunaondoka, kwa hiyo msije mkasema mtarudia."

Mtaa mzima ulijua kabla sijafika nyumbani. Mjukuu wangu alikuwa hali chakula, anaruka ruka tu. Alimuuliza binti yangu kama binti wa Kasekese naye anaogopa, au ni yeye tu. Mimi mwenyewe nilikuwa nachanganya chenga kwenye mchele mzuri wa watu, akili iko Jumapili.

Jumamosi jioni mtoto akaja kwangu analia. Akasimama mlangoni, akapeleka ujumbe kama anavyopeleka siku zote, neno kwa neno, huku machozi yanadondoka. "Baba kasema, mwambie bibi nashukuru kwa malezi, ila mieleka basi. Mtoto wa kike atavunjika mkono. Na watu wananicheka kazini."

Niliwaka! Nilizunguka chumba kizima natafuta kitu cha kupiga, nikapiga mto. Watu wanamcheka! Kwani watu ndio wanaomnunulia daftari? Angekuwa mtu mwingine yeyote ningekuwa nimeshafika mlangoni kwake kabla machozi ya mtoto hayajakauka. Lakini ni mkwe. Nitamwendeaje? Nitasimama nje ya uzio wake nikohoe? Nikampigia simu binti yangu.

"Mama, mimi niseme nini? Ni mume wangu."

"Na huyu ni mwanao."

Nikasikia anafunga mlango. Akashusha sauti. "Kesho mchana nitamtuma mtoto akuletee ungo. Akichelewa kurudi, mimi sijui chochote."

Nilimzaa mwenyewe yule, na siku ile nilijisifu.

Jumapili watu walijaa. Waliotoka kanisani walikuja na nguo zao nzuri wakakaa kwenye magunia, vijana wakapanda juu ya lori la Kasekese, muuza barafu akaegesha baiskeli yake mbele kabisa, nikamfukuza, akarudi. Mwamuzi nilikuwa mimi, na mwamuzi wa mieleka lazima alale kifudifudi aone mgongo umegusa au haujagusa, kwa hiyo nilikuwa nimevaa trakisuti ya mwanangu wa mwisho, kitenge nimekitundika kwenye kamba. Mama wa Kasekese aliniona akapiga vigelegele. Alisema nimependeza, nitafutiwe mchumba.

Watoto wakashikana. Jamani, yule binti alikuwa na nguvu! Wangu alikuwa anasukumwa kama mkokoteni, lakini haanguki, anateleza, anazunguka, anatoka kwa chini. Watu wanapiga makofi. Mimi niko chini, shavu kwenye turubai, nafoka "Mguu! Angalia mguu!" jambo ambalo mwamuzi haruhusiwi, na mama wa Kasekese ananiambia hivyo kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni.

Ndipo nikaona viatu. Viatu vya kazi, vyenye madoa ya moto wa kuchomelea, vimesimama kwenye kona ya banda la mashine. Nikainua macho. Mkwe wangu.

Alikuwa amekuja kwa hasira, anatembea haraka, mkono umeshanyooshwa kumchukua mwanawe. Halafu akaniona mimi. Mama mkwe wake, nimelala chini, nimevaa suruali. Loo! Aligeuka pale pale akatazama ukuta. Watoto wakaangua kicheko. Akasimama hivyo, ametupa mgongo, masikio mekundu kwa aibu kwa jinsi mtu mweusi anavyoweza kuwa na masikio mekundu. Akamwambia mtoto aliyekuwa karibu naye, "Mwambie bibi, mtoto atoke."

Yule mtoto akaja mbio. "Bibi, anasema atoke."

"Mwambie bado anacheza."

Akaenda mbio. Akarudi. "Anasema atoke sasa hivi."

Kitenge changu kilikuwa pale kwenye kamba, mkono ungekifikia. Nikakitazama. Nikaelewa kwamba mimi nikiwa ndani ya duara hili na suruali yangu, mkwe wangu hawezi kusogea, hawezi hata kugeuka. Angekufa kwanza. Nikakiacha kitenge kilipo, nikasema tuendelee. Ushindi ulioje! Nilijiona nina akili kuliko mji mzima wa Mpanda.

Lakini mjukuu wangu alikuwa ameshamwona baba yake. Kila akizunguka, macho yanaenda ukutani. Binti wa Kasekese hakuwa mjinga, akamdaka kiunoni, akamwinua, akambwaga. Puu! Nilijitupa kutazama. Bega moja limegusa, la pili liko juu, kidogo tu.

"Bado!" nikasema.

"Mwamuzi ni bibi yake!" mama wa Kasekese akapiga kelele, na watu wakacheka, lakini alikuwa ameona kama nilivyoona mimi, hakubisha zaidi. Tukakubaliana wapumzike, wanywe maji, washikane mara moja ya mwisho.

Nilimpelekea mjukuu wangu maji. Hakunywa. Macho yalikuwa bado ukutani.

"Umeumia?"

Akatikisa kichwa.

"Sasa nini?"

"Bibi, baba kanipa mgongo." Alinong'ona kama zamani, kabla ya mieleka. "Hataki hata kuniona."

Iliniuma. Sitaficha, iliniuma sana. Mtoto huyu amebeba salamu zetu miaka yote, lakini suruali yangu hakuifikiria kabisa. Yeye alichoona ni mgongo wa baba yake tu, akajua ni yeye anayekataliwa. Na mimi pale nilikuwa nafurahia ujanja wangu.

Nikasimama. Nikachukua kitenge, nikajifunga. Nilijua vizuri ninachofanya. Nikitoka mimi, njia iko wazi, anaingia, anamshika mkono mwanawe, anaondoka naye, na mieleka imeishia hapo, labda kwa maisha yake yote. Nikamwambia mama wa Kasekese, "Wewe amua."

"Mimi? Si utasema nimempendelea wangu?"

"Nitasema. Lakini amua."

Nikapita kandokando ya ukuta. Nilipofika usawa wa mkwe wangu nikasimama, natazama chini, na yeye anatazama chini. Mtoto wa kupeleka ujumbe hakuwepo karibu. Nikasema mwenyewe.

"Baba, mimi naondoka uwanjani. Geuka umtazame mwanao."

Niliingia ndani ya banda la mashine, nikavuta mlango, nikakaa kwenye magunia gizani. Sasa mimi ndiye nilikuwa sioni kitu. Mbao za mlango ule zimebanana, nilitafuta upenyo, wapi! Ilibaki kusikiliza. Nikasikia mama wa Kasekese anasema shikaneni. Nikasikia makofi. Halafu nikasikia viatu vizito vinatembea kutoka ukutani, vinakanyaga pumba, kwacha, kwacha, vinaenda kwenye duara, na makofi yakakatika. Nikafumba macho. Nikasema moyoni, basi, anamchukua. Yesu na Maria, anamchukua.

Viatu vikasimama.

"Shuka!" Sauti ya mkwe wangu. Sikuwahi kuisikia ikiwa kubwa. "Shuka chini! Kaa kama unakamua!"

Kama unakamua! Nikaruka kutoka kwenye magunia. Huyu kumbe amechunga ng'ombe, ameshikana mieleka machungani utoto wake wote, na amenyamaza miaka yote hii!

"Magoti yakunje! Ndoo iko katikati ya miguu, usiimwage! Hapo! Mwache aje, mwache aje mwenyewe!"

Watu wakalipuka. Mimi nimeshika mlango kwa mikono miwili, miguu yangu yenyewe imejikunja kama nakamua. Nikasikia mtoto anaguna, mwingine anaguna, pumba zinachakarika, mama wa Kasekese anamwita mwanawe kwa jina la ukoo mzima. Halafu puu! Kishindo kimoja, na juu yake kelele ambazo sijui zilikuwa za nani, za wote.

Nani kaanguka? Hakuna anayesema! Wanapiga vigelegele tu, wajinga wale, hakuna anayekumbuka kwamba kuna mtu ndani!

Ndipo viatu vikaja mbio. Vikasimama nje ya mlango. Hakukohoa. Hakutafuta mtoto wa kumtuma.

"Mama!" Alikuwa anahema. "Mama, kambwaga!"

"Mgongo umegusa wote?" nikauliza kupitia mbao.

"Wote, mama! Mabega yote mawili, nimelala chini nimetazama mwenyewe!"